Vigoga baada ya barafu kurudi nyuma: kwa nini vinapungua katikati?

KibahaBaiolojia: Wakuu, naandaa somo la mfululizo wa uoto (jinsi mimea inavyopokezana eneo tupu hadi kuwa msitu), kidato cha sita. Mfano ni Glacier Bay, ghuba ya Alaska iliyoachwa wazi na barafu iliyorudi nyuma. Vigoga, yale mazulia ya kijani tunayoyaona kwenye kuta za Dar masika yakikolea, vinaanza kwenye changarawe tupu, vinapungua vichaka vikishika, kisha vinarudi kwa wingi msituni. Kinachovipunguza ni kivuli?

Mvinje: Kivuli si tatizo kubwa, mkuu. Tatizo ni majani yanayodondoka. Kigoga hakina mizizi, kina nyuzi za kujishikiza tu. Maji kinayanywa kwa majani yake. Vichaka vya mialda (alder kwa Kiingereza) vikipukutika, majani mapana yanakilalia kama turubai. Misprusi (spruce, miti ya jamii ya misonobari) ikiipita mialda kwa urefu, majani yake membamba kama sindano yanapenya katikati ya vigoga bila kuvifunika. Hapo ndipo vigoga vya msituni, Hylocomium splendens na Pleurozium schreberi, vinatanda, na sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea) wanaoishi kwenye majani yao wanavuta nitrojeni kutoka hewani.

Wanafunzi watapenda hii: Hylocomium huota kama ngazi, kipandio kipya kwa mwaka. Chomoa shina moja taratibu, hesabu kuanzia juu. Ila vya chini huoza, kwa hiyo unapata umri wa sehemu ya shina iliyobaki, si wa msitu.

Mzee wa Pugu: Nyongeza. Usiwaambie njia ni moja. Mwaka 1794 barafu ilikuwa karibu na mdomo wa ghuba. Tangu hapo imerudi nyuma takriban kilomita 100, ndiyo maana watu wanalinganisha maeneo yaliyoachwa na barafu miaka tofauti. Lakini pete za miti zimeonyesha kwamba maeneo ya zamani zaidi hayakupitia vichaka vizito vya mialda. Na pale maji yanapotuama, Sphagnum, kigoga cha sehemu zenye majimaji, huingia baadaye, udongo unakosa hewa, miti inadhoofika.

KibahaBaiolojia: Nashukuru sana. Kuna jaribio la kufanya hapa?

Mvinje: Lipo. Chukua matofali 3 yenye vigoga, yaweke kivulini. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10 kwenye kila moja. La kwanza lifunike kwa majani ya mkungu, la pili kwa vitawi vya mvinje, la tatu liache wazi. Nyunyizia maji ya mvua. Ya kisima chenye chumvi yataua vyote na hutajua sababu. Pima eneo la kijani kila wiki, dakika 10 baada ya kunyunyizia, maana kigoga kikavu hujikunja ukadhani kimepungua.