Hesabu za GMAT: mapepa ya majaribio kwanza au misingi kwanza?

Wadau wa Mwanza, naomba tulijadili hili. Nawaona vijana wetu, wengine wamemaliza chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe na sasa wameajiriwa mjini, wakijiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, ili waombe MBA (shahada ya uzamili ya biashara) nje. Ushauri wanaopewa karibu wote ni mmoja: "Wewe mtu mzima, una kazi, utapata wapi muda wa kurudia hesabu za kidato cha pili? Piga mapepa mpaka uzoee."

Napinga kabisa.

Hesabu za mtihani huo ni maswali 21 kwa dakika 45, bila kikokotoo. Kila swali lina dakika 2 na sekunde chache tu. Toleo linalotumika sasa limeondoa jometri, kwa hiyo anayekesha na pembetatu za kitabu cha zamani anapoteza usiku wake. Kilichobaki hasa ni hesabu za sehemu (kama 3/4), asilimia, uwiano, vipeo na aljebra.

Chukua hili. Bei ya gunia la dagaa pale Mwaloni Kirumba imepanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Je, imerudi ilipoanzia? Wengi husema ndiyo. Haya, anza na shilingi 100,000: inafika 120,000, na asilimia 20 ya hiyo ni 24,000, inabaki 96,000. Aliyekosa hapo hakukosa kasi. Hajajiuliza asilimia ni ya kiasi gani, na swali lilelile likimjia kwa sura ya mshahara au faida atalikosa tena, hata apige mapepa mangapi.

Nakubali jambo moja: jaribio la kwanza lifanywe mapema ili ujue unapovuja. Ila wenye mtihani hutoa majaribio mawili kamili ya bure. Ukiyamaliza yote wiki ya kwanza, utajipima na nini siku zikikaribia?

Baada ya jaribio hilo, nusu ya muda wote iwe ya misingi, kwa kalamu na karatasi, kwa muda wa saa moja kila alfajiri kabla ya kukimbilia daladala. Swali ulilokosa liandike daftarini pamoja na sababu, ulirudie wiki inayofuata bila kuchungulia jibu. Saa ya kujipima muda ije baadaye.

Mnaosema mapepa kwanza, karibuni mnijibu: mtu asiyeweza kugawanya 7/8 kwa 3/4 bila kushika simu, mtamfundishaje kushindana na saa?