Kusaga mishono ya stenlesi: jiwe, flapi au fiba? Kesho nanunua

Mgeni wa Grainda: Wakuu habari zenu. Nina reli ya ngazi ya stenlesi, kuchomelea nimemaliza, imebaki kusaga mishono na kung'arisha. Nimekwama kwenye diski, jiwe la kawaida, flapi (ile ya vipande vya msasa vilivyolaliana) au zile za fiba (msasa bapa wa duara). Ipi inafaa? Sitaki kununua mara mbili.

Msasa Mkavu: Mkuu umekuja hospitali hutaki kusema unaumwa wapi. Bomba unene gani? Umechomelea tigi, ile ya gesi, au elektrodi? Mteja anataka king'ae kama kioo au ibaki mistari ya msasa? Grainda ina kupunguza mwendo?

Mgeni wa Grainda: Samahani, bomba la duara unene milimita 1.5, tigi. Grainda ya diski za milimita 125, mwendo ni mmoja tu. Mteja hajasema.

Dada Cheche: Milimita 1.5 na jiwe?? utatoboa kaka. Chukua flapi ya zirkonia (aina ya punje za msasa) namba 60 halafu 120 iliyo laini zaidi, na usikandamize, pitisha tu kama unapangusa. Stenlesi haipitishi joto kama chuma cheusi, joto linakaa palepale ulipogusa, ukizubaa bomba linageuka njano, mara bluu, na likishapinda ndo basi.

Seramiki Tu: Flapi ni za kuchezea. Fiba ya seramiki inakata baridi na inadumu.

Msasa Mkavu: Kwenye bati bapa sawa, huyu ana bomba la duara. Fiba itamwachia sehemu bapa kila mshono, hata flapi asipokuwa makini. Mimi bomba natumia msasa wa mkanda, unazunguka na bomba lenyewe.

Mzee wa Mageti: Wote mmesahau kubwa. Mimi nilitengeneza meza, stenlesi ya daraja la 304 safi kabisa, nikasagia flapi niliyotoka kusagia geti la chuma cheusi, nikajisemea diski bado nzima hii nitupe ya nini. Ikatoka inang'aa mpaka nikapiga picha. Wiki ya tatu mteja ananipigia, fundi umeniuzia feki, naenda nakuta madoa ya kutu kila nilipopitisha mkono, yaani njia ya diski inaonekana kabisa. Nikasema ngoja nisugue na brashi ya waya, kumbe brashi nayo ya chuma cha kawaida, nikazidi kupaka chuma juu ya stenlesi. Nikarudia meza nzima bure, diski mpya, brashi ya stenlesi. Siku hizi diski zangu za stenlesi zina boksi lake na kijana akizigusa tunagombana. Tafuta iliyoandikwa INOX, yaani ya stenlesi, isiyo na chuma, salfa wala klorini.

Smaku: Una uhakika ilikuwa 304? Ungepima na sumaku.

Mzee wa Mageti: Sumaku haisaidii kijana, stenlesi ya daraja la 201 nayo hainasi na inashika kutu haraka kuliko 304. Na 304 ukiikunja inaanza kunasa kidogo.

Smaku: Mimi sijawahi kukosea na sumaku.

Dada Cheche: 😂 haya. Mleta mada, na kava usitoe. Naona watu wanang'oa kava waweke diski kubwa ya 230 kwenye grainda ndogo, ile diski mwisho wake ni kama mizunguko 6,600 kwa dakika, grainda ndogo inapiga 11,000 na zaidi. Ikipasuka hakuna wa kusimulia. Glavu za kitambaa pia hapana, zinavutwa.

Seramiki Tu: Mimi sivai glavu kabisa.

Dada Cheche: Ngozi zinazobana mkono zinatosha, cheche zikikuchoma utaachia mashine.

Msasa Mkavu: Na barakoa. Vumbi lake lina kromiamu na nikeli, kitambaa puani ni mapambo. Vaa P3, ile inayochuja vumbi laini.

Mgeni wa Grainda: Nimewaelewa. Ile bluu ya pembeni ya mshono je? Nimeambiwa kuna dawa ya kupaka.

Mzee wa Mageti: Ile ya kupaka mara nyingi ina tindikali ya hidrofloriki, inapenya ngozi mpaka mfupa na mwanzoni waweza usisikie kitu. Kama hujafundishwa iache, bluu iondoe na msasa laini.

Mgeni wa Grainda: Kwa hiyo ni flapi au mkanda?

Seramiki Tu: Fiba.

Smaku: Hilo bomba umelipima na sumaku kwanza?