Naomba ushauri: bolti za sampu ya giaboksi zimelika vichwa na oili inavuja

Mwenye uzi:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Giaboksi ya gari langu ni ya otomatiki, na nilikusudia kushusha sampu (bakuli la oili lililo chini ya giaboksi) ili nibadilishe filta na gasketi. Bolti zote zimetoka isipokuwa mbili za upande wa ekzosi: ya kwanza kichwa kimelika hadi kimekuwa duara na soketi inazunguka bila kushika, na ya pili imeanza kuelekea hukohuko. Sampu ilikuwa ikivuja ingawa gasketi ni mpya, na fundi aliyeifunga alizikaza bolti kwa nguvu zake zote. Nizitoeje bila kuharibu bodi ya giaboksi, ambayo ni ya aluminiamu, na nifanye nini ili uvujaji usirudi?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole, mkuu. Kwa hiyo ya pili, tumia soketi ya pembe 6, kwa sababu ile ya pembe 12 hushika ncha tu na kuzimaliza. Nyunyizia dawa ya kulegeza kutu na uiache saa kadhaa. Ikiwa kichwa ni cha milimita 10, soketi ya inchi 3/8, yaani takriban milimita 9.5, ikigongwa kwa nyundo huingia kwa kubana na mara nyingi hushika.

Mchangiaji wa pili:
Nakubaliana naye, ila ile iliyokuwa duara usiihangaikie sana. Mwaga oili yote, vaa miwani, kisha toboa kichwa chake katikati kwa drili huku sampu ikiwa bado mahali pake, ili vumbi la chuma lisiingie kwenye vali za giaboksi. Kichwa kikikatika, sampu itashuka na kipande kifupi cha bolti kitabaki kimechomoza. Hapo ndipo kazi inapokuwa nyepesi kuliko watu wanavyodhani, kwani kilichokuwa kikiibana bolti kwa kiasi kikubwa ni mkazo wa kichwa dhidi ya sampu, na mkazo huo sasa haupo. Shika kipande hicho kwa koleo la kujifunga na ukizungushe taratibu, mbele kidogo na nyuma kidogo. Kikigoma, pasha bodi joto kwa mashine ya hewa ya moto, maana aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma; moto wa wazi usiusogeze hapo, kwa kuwa oili hiyo inawaka.

Mchangiaji wa tatu:
Kuhusu kuvuja, paka silikoni ya kutosha pande zote mbili za gasketi, umemaliza.

Mchangiaji wa nne:
Samahani, ndugu yangu, hapo sikuungi mkono. Silikoni juu ya gasketi ya mpira huifanya iteleze na kuchomoka inapokazwa, na ile inayojikusanya upande wa ndani inaweza kukatika na kuziba filta. Itumike pale tu mtengenezaji alipoelekeza, kwa mfano kwenye sampu zisizo na gasketi kabisa.

Mwenye uzi, chanzo cha tatizo lako nadhani umekitaja mwenyewe. Bolti zikikazwa kupita kiasi, bati la ukingo wa sampu hubonyea kuzunguka kila tundu, hivyo gasketi hubanwa kwenye bolti na kubaki legevu katikati. Weka rula ya chuma juu ya ukingo. Ukiona mwanga chini yake, laza ukingo kwenye kipande cha mbao na uugonge taratibu hadi unyooke. Safisha nyuso zote mbili, na upande wa aluminiamu usitumie kikwaruzio cha chuma. Futa oili ndani ya matundu yasiyotokeza upande wa pili, kwani bolti ikiisukuma inaweza kupasua bodi. Funga bolti mpya zote kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kutoka katikati kwenda nje kwa kupishana. Bolti za M6 (kipenyo cha milimita 6) za sampu nyingi huhitaji takriban Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha torki) tu, lakini kipimo cha kufuata ni cha mwongozo wa gari lako.

Mwenye uzi:
Nashukuru sana. Na kama bolti itatoka na meno ya tundu?

Mchangiaji wa pili:
Basi chonga meno mapya kwa tepu (kifaa cha kuchonga meno ndani ya tundu) na uweke helikoili, yaani springi ya chuma inayokuwa meno mapya ya tundu. Itashika imara kuliko aluminiamu yenyewe. Ukishajaza oili na kuipima katika joto lililoelekezwa, futa sampu iwe kavu kabisa kabla ya kuendesha. Unyevu ukionekana juu ya ukingo wa sampu, kagua sili ya shafti ya gia na mabomba ya kupozea oili kabla ya kuigusa tena gasketi.