Naomba ushauri: ESTA (kibali cha mtandaoni cha kusafiri Marekani bila viza) kwa raia wa Poland aliyewahi kunyimwa viza

Habari zenu wanajamvi. Naishi Warsaw. Mama mkwe wangu, raia wa Poland, anataka kwenda Chicago kumwona dada yake kwa wiki tatu. Tangu Novemba 11, 2019 Wapolandi hawahitaji viza ya Marekani kwa matembezi yasiyozidi siku 90. Kibali cha ESTA kinatosha. Shida ni kwamba zamani, enzi zile Wapolandi wakinyimwa viza kwa wingi, naye alinyimwa, na fomu inauliza hilo wazi. Tumejaza hadi hapo tukasita. Shemeji anashauri tuandike "hapana". Uongo huo mimi siuthubutu! Je, kuna aliyejibu "ndiyo" akapewa kibali? Au tuombe viza ubalozini moja kwa moja?