Kukodi gari-nyumba kwa API: safari ya Cantal na Cévennes, Ufaransa, likizo ya Toussaint (Watakatifu Wote)

Binti Pangani, Lyon:
Ndugu wanajumuiya, salaam. Mimi na mume wangu tumepanga kuchukua gari-nyumba kuanzia tarehe 25 Oktoba hadi 5 Novemba, tuanzie Clermont-Ferrand, tupite Salers na Aubrac, kisha tuteremkie Florac na makorongo ya Tarn, bila haraka na bila gharama za hoteli. Kibali changu cha ukaazi kiliisha Septemba. Faili la kuomba kipya nililipeleka mapema kwenye ANEF, tovuti ya serikali ya maombi ya wageni, na API ninayo, yaani karatasi ya kuongezewa muda wakati ombi linashughulikiwa. Leseni yangu ni ya hapa hapa. Hata hivyo, jana karani wa kampuni ya kukodisha aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole, akasema anataka kadi, si kitu nilichokichapisha mwenyewe nyumbani, na arubuni nimeshaitoa. Je, yupo aliyewahi kukodishiwa gari kwa API, na alimwonyesha karani andiko gani hadi akakubali?

Mzee wa Grenoble:
Pole, mwanangu. Mwaka 2012 niliizunguka milima ya Vercors nzima nikiwa na risepise, ile stakabadhi ya kuomba kibali, wala hakuna aliyenihoji. Ile ilikuwa na picha na muhuri wa prefektura, ukimwonyesha mtu ananyamaza. Mimi nina wasiwasi zaidi na barabara. Mkitaka kupita Pas de Peyrol, njia ya mlimani ya Cantal, mita 1,588, angalieni kwanza kama iko wazi, kwa maana theluji ikitangulia huifunga. Matairi ya baridi yasikusumbue, sheria yake inaanza Desemba.

Dereva wa Saint-Étienne:
Shikamoo mzee, lakini tusipotoshane. Sheria ya milima inaanza tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, ipo tangu mwaka 2021, na gari-nyumba nalo limo. Asiye na matairi ya baridi lazima abebe minyororo au soksi za magurudumu, na tangu Novemba 2024 alama ya M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi: tairi liwe na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Dada atakuwa Lozère, mkoa wa Florac, tarehe hizo, kwa hiyo aulize kabla ya kutia sahihi. Tena API si risepise, na kuzichanganya ndiko kunakowapa makarani nafasi ya kutuzungusha. Uzito pia ni muhimu, kwa sababu leseni ya B inaishia kilo 3,500 pamoja na mzigo na abiria. Sisi tulijaza tangi lita 100 za maji, ambazo ni kilo 100 kamili, tukapakia mchele, unga, baiskeli nne na sufuria la pilau la harusini, mizani ikatuumbua. Tulimwaga maji pale pale, maana mke wangu alikataa katakata kushusha sufuria.

Mama wa Alès:
Nawaombeni msisahau mvua. Vuli ya Cévennes si ya kuchezea: hewa yenye unyevu kutoka Mediterania ikigonga milima hii, mto unaweza kufurika kwa saa chache. Tulilala kando ya mto Gardon, mahali pazuri penye nyasi, na saa nane usiku askari wakatugongea dirisha kwa tochi. Nilipofungua mlango, kandambili nilizoziacha kwenye ngazi zilikuwa zimeshachukuliwa na maji. Laleni juu, na tahadhari ya rangi ya machungwa ikitolewa, msisogee bondeni. Kuhusu chestnati, zile njugu za miti ya huku, mashamba mengi yana wenyewe, hata kama hayana ua, kwa hiyo nunueni sokoni. Zikichomwa kwenye sufuria lenye matundu, ule moshi hunirudisha Mkuranga, kwa wale vijana wa korosho kando ya barabara, na hapo hula mkono mmoja ukifuta machozi.

Mkenya wa Annecy:
Dada angechukua uraia wa hapa, habari za API zingekwisha. Sisi tangu Katiba ya 2010 tunashika pasipoti mbili.

Dereva wa Saint-Étienne:
Kaka, unajua vizuri kwamba Mtanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake anapoteza wa kwake. Hajaomba ushauri wa kubadili taifa, ameomba gari la siku kumi na mbili.

Binti Pangani, Lyon:
Nawashukuru nyote, na mume wangu ameshaandika habari za tangi na minyororo. Ila karani ananisubiri Ijumaa, na bado sijui nimwonyeshe nini.

Mzee wa Grenoble:
Mwonyeshe kadi ya zamani pamoja na API, labda. Mimi enzi zangu API haikuwapo. Minyororo ya matairi ya saizi 225/75 R16 ninayo, haijafunguliwa. Mkipita Grenoble ichukueni.

Mama wa Alès:
Mzee, Grenoble haiko njiani kabisa.