Mteja wa mikopo anataka majina ya simu za watu: tuchukue kazi au tuache?

KodiSinza: Wakuu, naomba ushauri. Nina kampuni ndogo ya programu hapa Sinza, tuko watano. Pango la ofisi linaisha mwezi ujao. Amekuja mteja anataka programu ya mikopo ya haraka, na dau lake ni mishahara yetu ya miezi sita. Sharti lake: ivute majina yote kwenye simu ya mkopaji, ili akichelewa kulipa watumiwe ujumbe mama mkwe, bosi, mpaka mchungaji. Kijana wangu wa seva kasema haigusi, bora arudi kwao Mbeya. Mwenzake ananiambia, "Bosi, tuandike tu, dhambi ni za mteja." Kuna aliyewahi kukataa kazi ya hivi na ofisi isifungwe?

BiTarakilishi: Kaka, dhambi weka pembeni, tupige hesabu. Tangu Mei 2023 Google imekataza programu za mikopo kusoma majina na picha. Itaondolewa Play Store, halafu mteja atakudai wewe. Novemba 2024 Benki Kuu nayo ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila leseni. Umemuuliza yake? Na huyo wa seva mbembeleze abaki. Mtu anayekwambia hapana usoni hapatikani kwa tangazo.

NjaaHainaAdabu: Maadili ni ya walioshiba. Chukua hela, weka kwenye mkataba kwamba data ni juu yake.

BiTarakilishi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaja mkusanyaji na mchakataji, wote wawili. Data ikikaa kwenye seva yako, mchakataji ni wewe; mkataba huo kafungie vitumbua.

Wakili_wa_Bugs: Mimi niko Nairobi. Tulikataa kazi kama hiyo, na nisikudanganye, hakuna malaika aliyetuletea mteja mwingine. Tuliuza jenereta. Baadaye sacco moja ikatutafuta, wanataka watu wasiochezea data ya wanachama. Malipo madogo, ila yanaingia kila mwezi, na tangu hapo hakuna fundi aliyetuhama.

KodiSinza: Nimemuuliza leseni, kasema "inashughulikiwa." Nikampa bei ya programu isiyogusa majina, tangu jana hapokei simu. Kijana wa seva yupo, ila mwenzake kanuna. Dada BiTarakilishi, unamjua mtu yeyote kwenye saccos za hapa Dar? Hata ya walimu, nitaanza kwa bei ya chini.