Amemaliza betri kwa pasi, halafu ananiuliza "kwani jua unalinunua?"

Wakuu, naandika nikiwa gizani, simu ina asilimia 11, kwa hiyo mtanisamehe hasira.

Simtaji. Mnamjua. Kila nyumba yenye sola anaye. Wangu ni shemeji, alikuja kwa siku tatu, leo ni wiki ya sita.

Saa tatu usiku nasikia inveta (ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) inalia piiiii, nikadhani kuna mtu kaibiwa. Natoka mbio, namkuta sebuleni anapiga pasi. Siyo shati la kazini. KAMBA ZA VIATU. Mashuka kashamaliza, soksi kashamaliza, na leso moja ambayo haijawahi kujikunja tangu ishonwe. Pasi ya wati 1,200! Betri yangu ni ya asidi, volti 12, Ah 200, na hizi ukizishusha chini ya nusu unaziua taratibu. Volti 12 mara Ah 200 ni wati-saa 2,400, nusu yake ni 1,200. Saa moja ya pasi, kwisha habari. Hizo zilikuwa taa na feni za usiku kucha.

Nikamwambia kwa upole, wallahi kwa upole: shemeji, vitu vizito tunawasha saa sita mchana, jua likiwa utosini, betri ishajaa na umeme hauna pa kwenda. Saa hiyo piga pasi hata zulia. Akanitazama, pasi mkononi, akasema:

"Kwani jua unalinunua?"

KWANI JUA UNALINUNUA. Mbele ya watoto. Yule mdogo akacheka!

Nikiwa bado natafuta jibu, akachomeka birika la umeme. Wati 2,000 juu ya pasi, kwenye inveta ya 1,500. Kwiii, kimya, giza. Na humo gizani nasikia: "Sola yako yenyewe ya mchongo."

Kwani jua unalinunua! Jamani!

Nusu Wati: Kamba za viatu zimeniua. Ila swali la shemeji ni la msingi. Unalinunua?

Mleta uzi: Jua silinunui, BETRI nimenunua!

Kivuli cha Saa Tisa: Mkuu na wewe, wati-saa 1,200 ndiyo unazipigania kama shamba la urithi? Hiyo siyo sola, hiyo ni tochi kubwa.

Mama Feni: Afadhali wako hata pasi anaijua. Wangu anafungua friji usiku na kusimama anaitazama kama televisheni. Kompresa haipumziki, na yeye hatoi kitu.

Paa la Bati: Nyie mna raha. Jirani yangu ana mti, kivuli kinagusa paneli moja tu kati ya nne, na kwa kuwa zimeungwa mfululizo, umeme wa moja unapita kwenye nyingine, zote zinanywea. Nimemwomba akate tawi, kaniambia nihamishe paa.

Nusu Wati: Nihamishe paa hahahaaa

Giza Totoro: Wangu ni fundi. Mnamjua. Kanifungia mfumo wa kuungana na gridi, yaani umeme wa nguzo za mtaani, bila betri. Gridi ikikatika saa saba mchana, jua linachoma, paneli nane juu, na mimi giza kama wenzangu. Namuuliza, ananijibu "ndivyo ilivyo".

Paa la Bati: Hapo hajakudanganya. Inveta ya hivyo inajizima makusudi, isije ikasukuma umeme kwenye nyaya za nje huku mafundi wamezishika. Ila alitakiwa akwambie kabla ya kupokea hela.

Giza Totoro: Hela ndiyo alianza nayo.

Mleta uzi: Turudini kwenye kamba za viatu basi. Simu asilimia 3.

Mama Feni: Huo mti wa jirani ni wa matunda?

Paa la Bati: Hata tunda moja. Majani na ndege tu, na hao ndege choo chao ni paneli ya pili.